Herufi zikibadilika, usimtafute mchawi

Ndugu msikilizaji, sisi wenyeji wa Kigoma tumezoea kutaniwa. Mtu wa mikoa mingine akisikia umetoka huku, swali lake la kwanza ni bei ya dagaa na mawese, na la pili, ambalo huulizwa kwa kunong'ona, ni habari za uchawi. Huwa tunacheka yakapita. Lakini hivi karibuni hapa Gungu uchawi ulitajwa bila utani wowote. Tena aliyenyoshewa kidole hakuwa bibi kizee, bali binti aliyemaliza kidato cha nne na ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kujua kutumia kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri chakula. Akaingia jirani yangu, mama mtu mzima, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama 15 wanaoanika na kuuza dagaa. Baada ya kusalimiana alinikabidhi bahasha ya kaki akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, mambo ya kompyuta unayafahamu. Hebu itazame katiba yetu hii uniambie nani ameichezea."

Nikazitoa karatasi. Zilikuwa kurasa 11. Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa sita, maandishi yalikuwa ya ile aina tuliyoizoea katika vitabu na magazeti, herufi zenye vijiguu vidogo juu na chini. Kuanzia ukurasa wa saba yalikuwa mengine kabisa. Herufi hazina vijiguu, mistari imeachana, na vichwa vya ibara vimesogea. Ungeweza kuapa kwamba hizo ni hati mbili za watu wawili, zilizobanwa pamoja kwa pini moja.

Na hivyo ndivyo alivyoona afisa aliyepelekewa katiba hiyo pamoja na maombi ya mkopo. Alimwuliza mama yule, kwa upole lakini kwa kumaanisha: "Mama, hizi kurasa tano za mwisho zimetoka wapi?" Ibara ya mgawanyo wa mapato iko ukurasa wa nane. Saini za wanachama ziko ukurasa wa 11. Afisa asiyemfahamu hata mmoja wao angejuaje kwamba kurasa za kati hazikuchomolewa na kuwekwa nyingine? Akawarudishia. Akawaambia walete katiba inayofanana mwanzo hadi mwisho, na wanachama wote waweke saini upya.

Ndugu msikilizaji, hilo si jambo dogo. Akina mama hawa wanaomba mkopo wa kutengeneza vichanja, wasiendelee kuanika dagaa mchangani. Walikuwa bado wanajikongoja tangu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Wanachama wawili walikuwa Kalya, huko kusini kunakofikiwa kwa boti, na mmoja alikuwa Kasulu akimuuguza binti yake. Kuwakusanya wote kwa ajili ya saini ni nauli na siku za kazi zinazopotea.

Hata hivyo, lililomleta mama kwangu usiku ule halikuwa nauli. Lilikuwa maneno. Baadhi ya wanachama walikwishaanza kusema kwamba katibu wao, yule binti aliyeichapa katiba, amepewa fedha na mtu ili abadilishe ibara ya mgawanyo. Wengine wakasema ana mkono mbaya. Kikundi kilichovumilia mawimbi, bei mbaya na ziwa kufungwa, kilikuwa kinakaribia kuvunjika kwa sababu ya umbo la herufi.

Nikaomba mambo mawili. La kwanza, daftari kubwa ambamo katiba iliandikwa kwa mkono siku ya mkutano. La pili, ile flashi yenye hati. Asubuhi yake vyote viwili vilikuwa mezani kwangu, na binti mwenyewe amekaa mbele yangu, macho mekundu kwa kulia.

Tulianza na daftari. Mimi nikasoma karatasi, yeye akafuata kwenye daftari, neno kwa neno, ibara kwa ibara. Hatukukuta hata neno moja lililobadilishwa. Maneno yalikuwa yaleyale, nguo tu ndizo zilizobadilika. Sasa ikabaki kujua nani aliyezibadilisha nguo hizo. Hapo ndipo penye somo la leo, kwa sababu jambo hili huwapata watu wengi: mwanafunzi mwenye tasnifu yake, kijana mwenye barua ya kuomba kazi, wakili mwenye mkataba, na hata sisi waandishi wa habari.

Wale waliowahi kuona taipu watakumbuka kwamba mashine ile haikuwa na mambo mengi. Herufi zake zilikuwa za chuma, za umbo moja. Ukiandika barua yako leo na kuimalizia kesho, herufi ni zilezile. Kompyuta haina herufi za chuma. Ndani ya hati yako kuna maneno, na pembeni ya maneno hayo kuna maagizo: aya hii ivae herufi za aina fulani, ukubwa fulani, rangi fulani. Umbo la herufi lenyewe, ambalo wataalamu huliita fonti, halimo ndani ya hati kwa kawaida. Limehifadhiwa ndani ya kompyuta. Hati huagiza tu jina.

Maagizo hayo hutolewa kwa njia mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakozaa karibu kila mkasa wa namna hii.

Chukua mfano wa shule. Mwalimu mkuu anapotangaza kwamba sare ni shati jeupe na sketi ya bluu, hahitaji kumwendea mwanafunzi mmoja mmoja. Ametoa amri moja na shule nzima imevaa. Akiibadili amri ile kesho, shule nzima itabadilika. Katika programu za kuandikia, mathalani Microsoft Word, amri hiyo huitwa mtindo wa aya. Kila aya ina mtindo wake, upende usipende. Aya za kawaida huwa katika mtindo uitwao "Normal", na vichwa vya habari vina mitindo yao.

Njia ya pili ni ile ya mwanafunzi anayevaa sweta lake juu ya sare. Wewe unachagua maneno kwa kipanya, unakwenda kule juu kwenye orodha ya fonti na kuchagua unayoitaka. Macho yako yanaona herufi zimebadilika, unafurahi. Lakini sare ya ndani haikubadilika. Umeifunika tu. Siku sweta likivuliwa, sare itaonekana, na wewe utadhani herufi zimebadilika zenyewe.

Hicho ndicho kilichompata katibu wetu. Aliichapa katiba kwenye kompyuta ndogo ya binamu yake, mpya, yenye Word ya siku hizi. Sare ya Word hiyo, yaani fonti inayokuja yenyewe, huitwa Aptos. Yeye aliambiwa na wakubwa kwamba hati rasmi huandikwa kwa Times New Roman. Basi akaichagua hati yote kwa mkupuo mmoja, akaivalisha Times New Roman kwa mkono. Hakuugusa mtindo. Hati ikawa imevaa sweta la Times New Roman juu ya sare ya Aptos, na kwa macho hakuna anayeweza kutambua.

Alikwenda kwenye stesheneri ya kwanza kuitoa kwenye karatasi. Kurasa sita zikatoka vizuri, umeme ukakatika. Kwa kuwa siku zilikuwa zimebana, kesho yake akaenda stesheneri nyingine, mtaa wa pili, atoe kurasa zilizobaki. Kijana wa pale aliona nafasi baina ya mistari haikukaa sawa kuanzia ukurasa wa saba. Kwa nia njema kabisa akazichagua aya zote kuanzia pale hadi mwisho, akabofya "Normal". Kwa akili yake, neno hilo lina maana ya kawaida, basi hati irudi katika hali ya kawaida. Kumbe alichoiambia kompyuta ni kuzivalisha upya aya hizo sare ya mtindo huo.

Word ina kanuni yake hapa, na ni watu wachache wanaoijua. Unapoupa mtindo aya fulani, programu hutazama ni sehemu kubwa kiasi gani ya aya hiyo imebadilishwa kwa mkono. Kama ni chini ya nusu, mathalani maneno mawili matatu uliyoyakoza wino, programu huyaacha ikiamini uliyataka hivyo. Kama ni zaidi ya nusu, huvua. Aya za katiba zilikuwa zimevalishwa Times New Roman zote nzima, basi zikavuliwa zote nzima. Sare ya Aptos ikabaki wazi.

Mkasa haukuishia hapo. Kompyuta ya stesheneri ile ni ya zamani na Aptos haimo ndani yake, kwani Microsoft ilianza kuifanya fonti ya kawaida mwaka 2023. Kabla ya hapo, kuanzia Word ya mwaka 2007, fonti ya kawaida ilikuwa Calibri, na kabla ya Calibri ilikuwa Times New Roman yenyewe, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932. Kompyuta ikiagizwa fonti isiyokuwa nayo, haisemi sina. Huazima inayodhani inakaribiana nayo na kuendelea na kazi. Ubaya wake ni kwamba kule juu kwenye kisanduku, jina linaloonekana ni lilelile lililoagizwa. Jina ni moja na sura ni nyingine. Na kwa kuwa herufi za fonti mbili hazilingani upana, mistari husogea, na kurasa huongezeka au kupungua.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hakukuwa na mchawi wala mla rushwa. Kulikuwa na mabadiliko mawili yaliyofuatana: sweta kuvuliwa, na sare kuazimwa kwa jirani.

Lakini hizo si sababu pekee. Naomba nizitaje nyingine, kwani huenda ya kwako ni mojawapo.

Ya kwanza ni ukoo wa mitindo. Mitindo mingi huzaliwa kutokana na mtindo mwingine, na baba wa mingi ni huohuo "Normal". Mtoto hurithi kila alichonacho baba, isipokuwa yale ambayo yeye mwenyewe amewekewa yake. Ukibadilisha fonti ya baba, watoto wote wasio na fonti yao wenyewe watabadilika. Ndiyo maana mtu hugusa aya za kawaida, kisha akashangaa tanbihi au orodha zimebadilika kurasa 20 mbele.

Ya pili ni kisanduku kidogo chenye maneno "Automatically update", yaani mtindo ujirekebishe wenyewe. Kisanduku hicho kikiwa na alama ya vema, badiliko lolote utakalolifanya kwa mkono katika aya moja huhesabiwa kuwa amri kwa aya zote za mtindo huo. Umebadili kichwa kimoja cha habari, vichwa vyote vimekufuata. Kwa mtindo wa "Normal" Word haikipi nafasi kisanduku hicho, lakini kwa mitindo mingine kipo, na mitindo ya yaliyomo huja nacho kikiwa tayari kimewekewa alama.

Ya tatu ni kunakili kutoka kwingine. Unachukua aya kutoka kwenye intaneti, au hati ya rafiki, unaibandika katika hati yako. Aya hiyo haiji uchi. Inakuja na nguo za kwao. Na kama hati zote mbili zina mtindo wenye jina moja lakini sare tofauti, matokeo hutegemea ulivyobandika: ama mgeni atavaa sare ya mwenyeji, ama atabaki na yake na kuonekana kama mgeni hadi mwisho.

Ya nne ni ile alama isiyoonekana iliyopo mwisho wa kila aya, ambayo huingia unapobonyeza kitufe cha kushuka mstari. Maagizo ya aya yamehifadhiwa ndani yake. Ukiifuta kwa bahati mbaya, aya mbili huungana na moja hujikuta imevaa nguo za mwenzake. Ukitaka kuziona alama hizo, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na namba nane.

Ya tano ni kiolezo, yaani hati mama ambayo hati yako imezaliwa kwayo. Kila kompyuta ina kiolezo chake cha kawaida. Kuna mahali katika Word ambapo hati huweza kuagizwa isasishe mitindo yake kutoka kwenye kiolezo kila inapofunguliwa. Hati yenye agizo hilo ikifunguliwa nyumbani ina sura moja, ikifunguliwa stesheneri huchukua sura ya kompyuta ya pale. Mtu anaweza kuihangaikia hati ya namna hiyo siku nzima bila kujua inabadilishwa mlangoni.

Sasa basi, ufanye nini yakikukuta? Kwanza kabisa, usiguse kitu. Wengi wetu tukiona kosa tunaanza kubofya hapa na pale, na baada ya dakika kumi kosa moja limezaa saba. Hifadhi nakala ya hati kwa jina lingine, kisha ufanyie kazi nakala hiyo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hati nayo ishughulikie mapema, kabla haijapigwa viraka.

Pili, weka kielekezi ndani ya neno lililobadilika na ubonyeze Shift pamoja na F1. Katika Word litafunguka dirisha pembeni likikueleza nguo za neno hilo: lipi limetoka kwenye mtindo na lipi limewekwa kwa mkono. Hicho ndicho kipimo cha daktari. Usianze kutibu kabla ya kupima.

Tatu, chagua sehemu iliyoharibika na ubonyeze Ctrl pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Hapo unavua yote yaliyovalishwa kwa mkono kwenye herufi. Kama herufi zimerudi unavyotaka, tatizo lilikuwa sweta, nawe umemaliza. Jihadhari tu: hata maneno uliyoyakoza kwa makusudi yatavuliwa, itabidi uyarudie. Kama ni nafasi za mistari au pambizo za aya ndizo zilizoharibika, tumia Ctrl na Q. Wanaotumia LibreOffice, ambayo hupatikana bure, wabonyeze Ctrl na M kuvua ya mkono, na F11 kuifungua orodha ya mitindo.

Nne, kama umevua na bado ni mbaya, basi tatizo liko kwenye sare yenyewe. Nenda kwenye jina la mtindo huo, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Modify". Utaona fonti yake, utaona imezaliwa na mtindo gani, na utaona kile kisanduku cha kujirekebisha. Ondoa alama ya vema. Weka fonti unayoitaka papo hapo. Hati nzima itafuata, na haitakugeuka tena.

Tano, kama mtindo unasema sawasawa, jina la fonti ni lilelile, ila macho yako yanaona herufi nyingine, basi kompyuta hiyo haina fonti hiyo. Usiirekebishe hati, haina kosa. Tafuta kompyuta yenye fonti hiyo, au katika mipangilio ya kuhifadhi uiagize Word iifungashe fonti ndani ya hati. Njia rahisi kuliko zote ni kuigeuza hati iwe PDF kwenye kompyuta uliyoandikia, kabla ya kwenda stesheneri. PDF kwa kawaida hubeba maumbo ya herufi zake mgongoni, haihitaji kuazima.

Huenda kuna anayesikiliza akasema mambo ya umbo la herufi ni madogo. Nimpe mfano kutoka Pakistan. Mwaka 2017, wachunguzi walioteuliwa kufuatilia mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walipokea hati kutoka kwa binti yake, Maryam Nawaz. Hati hizo zilikuwa na tarehe ya Februari 2006. Lakini zilikuwa zimeandikwa kwa Calibri, fonti ambayo ilianza kuuzwa kwa umma mwanzoni mwa mwaka 2007. Mtaalamu wa maandishi aliyeulizwa alisema hati hizo haziwezi kuwa za tarehe iliyoandikwa. Nchi nzima ikawa inazungumza habari za fonti. Mwezi Julai 2017 Mahakama ya Juu ilimwondoa Nawaz Sharif madarakani, ingawa kwa sababu nyingine. Maryam alihukumiwa mwaka 2018, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Islamabad ikamfutia hatia. Mimi sikukusudia kuhukumu kesi ile. Ninachosema ni kwamba karatasi huzungumza hata mahali ambapo maneno yake yamenyamaza, na afisa wetu wa hapa hakukosea kuuliza.

Aliyekosea, kama tunataka kutafuta makosa, ni sisi sote kwa sehemu. Tunaitumia kompyuta kama taipu. Hakuna aliyetufundisha habari za mitindo. Tunafundishana kukoza wino na kupiga mstari, basi. Aidha, orodha za programu hizi ziko katika Kiingereza, na neno kama "Normal" humdanganya mtu hata aliyesoma. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi njema, na ilionyesha kwamba kompyuta inaweza kumwambia Mtanzania inachofanya kwa lugha anayoielewa. Nenda leo kwenye stesheneri yoyote uhesabu ni kompyuta ngapi zinazozungumza Kiswahili.

Kwa wenye stesheneri ninalo ombi moja. Kijana wako akiletewa hati ya mtu, aichape kama ilivyo. Akiona kasoro amwulize mwenyewe kabla ya kuigusa. Fundi cherehani hapunguzi gauni la mteja kwa sababu tu ameona ni refu. Na kwa wenye vikundi: katiba, mkataba au muhtasari utolewe wote siku moja, kwenye kompyuta moja. Umeme ukikatika katikati, anza upya ukurasa wa kwanza. Gharama ya kurasa sita ni ndogo kuliko gharama ya kurudia saini 15. Hali kadhalika, kila mwanachama aweke saini fupi chini ya kila ukurasa, si ukurasa wa mwisho peke yake. Hapo hata herufi zikibadilika mara kumi, hakuna atakayesema ukurasa umechomolewa.

Katiba ya akina mama tuliirekebisha palepale mezani. Binti mwenyewe ndiye aliyeishika kompyuta, mimi nikielekeza. Alifungua mtindo wa "Normal", akauwekea Times New Roman, akavua ya mkono yote, kisha akayakoza upya maneno yaliyostahili. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tukaigeuza kuwa PDF, akaenda kuitoa kurasa zote 11 kwa mkupuo.

Jumapili mwenyekiti aliita mkutano. Niliombwa nieleze, nikaeleza habari ya sare na sweta kama nilivyokueleza wewe. Kisha tuliisoma katiba kwa sauti, daftari likifuatishwa na mwanachama mmojawapo wa wale waliokuwa wakinung'unika. Tulipomaliza ibara ya mwisho alilifunga daftari, akakaa kimya kidogo. Halafu akainuka, akamwendea yule binti, akamshika mkono na kusema, "Mwanangu, tusamehe." Hakuna aliyeongeza neno. Saini zikaanza kuwekwa, ukurasa kwa ukurasa. Wa Kalya walisubiriwa hadi boti iliporejea.

Maombi yamekwishapelekwa tena, nao wanasubiri majibu. Mimi sijui kama watapata mkopo. Ninachojua ni kwamba watakwenda kuusubiri wakiwa 15, na katibu wao ni yuleyule.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaheri.